Kusawazisha ni Hatua ya Mwisho

Mwanafunzi akiambiwa aandike mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni kuungana kuwa maji, kwa kawaida huanza vizuri: H₂ + O₂ → H₂O. Kisha anahesabu na kuona kwamba kushoto mna atomi mbili za oksijeni na kulia mna moja. Hapo ndipo wengi huteleza. Anaongeza namba ndogo ya 2 chini ya oksijeni ya upande wa kulia, anapata H₂O₂, hesabu inakubali, anaweka kalamu chini. Atomi zimelingana kweli, ila alichokiandika si maji tena. Ni peroksidi ya haidrojeni, dawa ya kusafishia vidonda na kung'arishia nywele, ambayo ikiwa kali huunguza ngozi. Mwalimu akisahihisha kosa hilo huandika kwamba mwanafunzi hajui kusawazisha, na mwanafunzi hurudi nyumbani akiamini kwamba tatizo lake ni hesabu. Naona wote wawili wamekosea. Mtoto aliyemaliza darasa la saba anajua kuhesabu hadi nne. Alichokosa ni picha ya kitu kinachotokea ndani ya chombo, na picha hiyo haipatikani kwa kufanya mazoezi mia ya kuhesabu atomi.

Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na wazazi na walimu wanaowasaidia, wageuze mpangilio wa kazi. Jambo la kwanza ni kujua kinachotokea: nini kimeingia, nini kimetoka, na kwa nini. La pili ni kuandika fomula sahihi ya kila kitu. Kusawazisha kuje mwisho kabisa, na kukifika wakati wake huwa kazi ya dakika moja. Anayeanza na mwisho hujikuta akisukuma namba huku na huko mpaka zikubali, na namba zina tabia ya kukubali hata mahali ambapo kemia haikubali.

Tuchukue mfano ambao pwani yetu imeishi nao kwa karne nyingi. Misikiti ya Kilwa Kisiwani, nyumba za Gedi, za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayohayo. Mawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu, na moto ukifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi kabonati huachana: CaCO₃ → CaO + CO₂. Gesi inapanda na moshi, jiwe linabaki jeupe na jepesi. Wepesi huo unapimika. Katika kila gramu 100 za kabonati safi, gramu 44 huondoka kama dioksidi ya kaboni na gramu 56 hubaki. Tani moja ya jiwe safi inaacha kilo 560 za chokaa. Mchomaji chokaa hakuhitaji fomula kujua kwamba mzigo unaotoka tanurini ni mwepesi kuliko ulioingia, lakini mlinganyo ndio unaomweleza mtu mwingine mahali zilikokwenda kilo 440.

Hatua inayofuata ni kuizima chokaa kwa maji. CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Mchanganyiko huchemka kwa joto lake wenyewe na kurusha matone, na ndiyo sababu anayefanya kazi hiyo hana budi kukinga macho. Kilo 560 hunywa kilo 180 za maji na kuwa kilo 740. Halafu fundi anapaka ukuta, na ukuta unaanza kuvuta gesi kutoka hewani polepole, kwa miezi na hata miaka: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Kilo 440 za dioksidi ya kaboni zinarudi, kilo 180 za maji zinakauka, na kilichobaki ukutani ni tani moja ya kabonati ya kalsiamu, kitu kilekile kilichoingia tanurini. Milinganyo yote mitatu ina vizidishi vya moja kwa moja, hakuna cha kusawazisha hata kimoja. Hata hivyo, ina kemia nyingi kuliko ukurasa mzima wa mazoezi ya kujaza namba. Mwanafunzi anayeweza kusimulia safari hii ya jiwe kwa maneno yake, akitaja uzito katika kila kituo, ameelewa mlinganyo ni nini. Asiyeweza, hata akisawazisha milinganyo hamsini, bado yuko nje ya mlango.

Uzito ndio ushahidi ambao sheria yote ya kusawazisha imesimama juu yake, na inafaa mwanafunzi ajue ulivyopatikana, asije akadhani ni amri ya mwalimu. Antoine Lavoisier wa Paris aliishi kwa kazi ya kukusanya kodi za mfalme, kazi iliyomfikisha kwenye gilotini mwaka 1794, na mazoea ya mtu wa mapato na matumizi aliyaingiza ndani ya maabara. Mwaka 1774 alipasha moto bati, ile metali ya kulehemia, ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa. Bati liligeuka unga. Kabla ya kukizibua chombo alikipima, na uzito wote ulikuwa uleule. Alipokizibua, hewa iliingia kwa nguvu, na hapo tu ndipo uzito ulipoongezeka. Kwa hiyo bati lilipata uzito wake kutoka katika hewa iliyokuwa imefungiwa pamoja nalo, wala halikupata kitu kutoka nje. Katika kitabu chake cha 1789 aliliweka jambo hili kuwa msingi: katika kila mabadiliko, kilichopo kabla ni sawa na kilichopo baada. Mshale tunaouchora katikati ya mlinganyo umesimama juu ya mizani hiyo.

Lakini mizani peke yake haikutosha, na hapa historia inatoa somo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. John Dalton wa Manchester alichapisha nadharia yake ya atomi mwaka 1808. Alijua kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni, ila hakuwa na njia ya kujua ni atomi ngapi za kila moja, akachagua jibu rahisi kuliko yote: moja kwa moja, yaani HO. Kwa fomula hiyo mlinganyo wake unalingana bila taabu: H + O → HO. Hakuna atomi iliyopotea. Lakini kwa sababu fomula ni ya uongo, uzito wa atomi ya oksijeni ukatoka nusu ya ule wa kweli, na kosa likaenea katika fomula za vitu vingine vyote vyenye oksijeni. Mwaka uleule Joseph Gay-Lussac alionyesha kwamba sehemu mbili za haidrojeni kwa ujazo huungana na sehemu moja ya oksijeni, na Amedeo Avogadro mwaka 1811 akatoa maelezo sahihi, kwamba chembe za gesi hizo ni jozi za atomi. Hakusikilizwa. Ilipita karibu nusu karne hadi Stanislao Cannizzaro alipowashawishi wanakemia wenzake, kupitia mkutano wa Karlsruhe wa Septemba 1860. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kitabu cha August Kekulé cha mwaka 1861 kiliorodhesha fomula 19 tofauti zilizokuwa zikitumika kwa asidi moja tu, ile iliyomo katika siki. Wanaume hao walijua kuhesabu. Wengi wao walikuwa mabingwa. Waliyumba kwa sababu fomula hazikuwa sahihi, na hesabu juu ya fomula isiyo sahihi haina pa kusimama.

Ndiyo sababu nasema namba ndogo za chini zisiguswe kamwe wakati wa kusawazisha. Namba hizo ni sehemu ya jina la kitu. Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, fikiria jiko la mkaa. Hewa ikiwa tele, kaboni huungua hivi: C + O₂ → CO₂. Hewa ikiwa haba, kama ndani ya chumba kilichofungwa madirisha usiku wa baridi, sehemu yake huungua hivi: 2C + O₂ → 2CO. Gesi ya kwanza imo katika pumzi unayoitoa sasa hivi. Ya pili haina rangi wala harufu, hushika damu mahali pa oksijeni, na huua watu wakiwa usingizini. Tofauti katika maandishi ni namba ndogo moja. Basi mwanafunzi akiulizwa mkaa unaungua vipi, swali lake la kwanza liwe kuhusu hewa, kabla hajafika kwenye namba. Na yeyote anayesoma makala haya asilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata makaa yakionekana yametulia, maana mkaa unaofifia kwa kukosa hewa ndio unaotoa gesi hiyo kwa wingi.

Sasa niingie kwenye aina za mimenyuko, kwa kuwa hapo ndipo kujua kinachotokea kunapopata msaada, au kunapozuiwa. Vitabu vingi hutaja aina nne au tano: muungano, mtengano, kuhamishana nafasi kwa upande mmoja, kubadilishana kwa pande mbili, na mwako. Wanafunzi huzikariri kama majina ya mikoa. Turudi kwa chokaa. Kuchoma jiwe ni mtengano, na kuzima chokaa ni muungano; hizo hazina ubishi. Je, ukuta unaovuta dioksidi ya kaboni? Vitu viwili vimeingia na viwili vimetoka, lakini hakuna jozi zilizobadilishana wenzi kwa namna ambayo kitabu huichora. Na mkaa unaoungua ni mwako, ni muungano, tena ni mmenyuko wa kupokezana elektroni, yote kwa pamoja. Makundi haya yanavuja. Mwanafunzi anayeyachukulia kama masanduku yaliyofungwa hupoteza muda akibishana kitu kiingie sanduku gani.

Swali lenye faida zaidi ni hili: nini kinahama? Katika mimenyuko mingi ya kidato cha kwanza hadi cha nne, majibu makubwa ni machache. Kuna ile ambamo elektroni zinahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Humo mna kutu ya chuma, mwako wote, betri, na msumari unaotiwa ndani ya mmumunyo wa salfeti ya shaba nyekundu. Kuna ile ya asidi na besi, ambamo besi humaliza ukali wa asidi. Ukuta wa chokaa unaangukia hapa: dioksidi ya kaboni ikiingia kwenye unyevu wa ukuta huwa asidi dhaifu, na chokaa iliyozimwa ni besi, kwa hiyo kilichotokea ni kabonati na maji. Na kuna ile ambamo ioni zinazoogelea majini zinakutana na kushikamana kuwa mashapo yasiyoyeyuka. Ukijua kinachohama, mazao unaweza kuyabashiri mwenyewe. Ukijua jina la kundi tu, utasubiri mtu akuandikie upande wa kulia.

Msumari ni mfano mzuri wa nguvu ya kubashiri. Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu. Chuma hutoa elektroni kwa urahisi kuliko shaba nyekundu, basi chuma huyeyuka na shaba hujipaka juu ya msumari, na rangi ya buluu ya mmumunyo hufifia. Geuza mpango, tia kipande cha shaba nyekundu ndani ya salfeti ya chuma, na hakuna kitakachotokea hata ukingoja wiki. Vivyo hivyo zinki ndani ya asidi haidrokloriki dhaifu hutoa mapovu ya haidrojeni, lakini shaba nyekundu haitoi. Sasa tazama mlinganyo huu: Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂. Umesawazishwa barabara. Shaba moja kila upande, haidrojeni mbili, klorini mbili. Na ni uongo mtupu, kwa kuwa mmenyuko huo haufanyiki. Kusawazisha hakuthibitishi kwamba jambo lipo. Kunathibitisha tu kwamba likiwepo halikupoteza atomi. Mfuatano wa utendaji wa metali, ambao wanafunzi huuona mzigo wa kukariri, ndio unaotenganisha milinganyo ya kweli na ya kubuni, nami ningependa utumike kila siku darasani badala ya kufundishwa wiki moja na kuachwa.

Wapo watakaopinga. Watasema mtihani una muda mfupi, na mwanafunzi anayeanza kutafakari kinachotokea chomboni atapitwa na yule aliyefundishwa mbinu ya haraka. Hoja hii ina uzito kwa sababu mitihani ni ya kweli na inaamua maisha ya vijana. Lakini tuangalie muda unapotea wapi. Haupotei katika kuhesabu. Chukua butani, moja ya gesi mbili kuu zilizomo katika mtungi wa kupikia. Aliyejua kwamba mwako kamili wa kitu chenye kaboni na haidrojeni hutoa dioksidi ya kaboni na maji huandika mara moja C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Anaanza na kaboni, anaweka 4 mbele ya CO₂. Anafuata haidrojeni, anaweka 5 mbele ya H₂O. Oksijeni anaiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu kushoto imesimama peke yake na kuibadilisha hakuvurugi kitu kingine. Kulia sasa mna atomi 13 za oksijeni, yaani molekuli sita na nusu. Anazidisha kila kitu mara mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Imekwisha. Anayepoteza dakika kumi ni yule aliyeanza na oksijeni, au asiyekuwa na uhakika upande wa kulia uwe na nini.

Mbinu hiyohiyo ya kuanza na kinachoonekana mahali pamoja tu, na kumalizia na kilichosimama peke yake, inatosha kwa milinganyo mingi ya sekondari. Nyongeza moja tu inahitajika: kundi la atomi linalovuka mshale bila kuvunjika lihesabiwe kama kitu kimoja. Katika kusafisha maji ya mto kwa salfeti ya alumini, jamaa wa karibu wa shabu, pamoja na chokaa, tunapata Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄. Anayehesabu salfa na oksijeni moja moja ataona giza. Anayeona salfeti tatu kushoto na salfeti tatu kulia, haidroksidi sita na haidroksidi sita, anamaliza haraka. Na akijua kwamba haidroksidi ya alumini ni utelezi mweupe usioyeyuka, unaonasa tope na kuzama nalo, hatasahau kwa nini mmenyuko unakwenda upande huo.

Wengine watasema njia ya kutazama kwa macho haitoshi, kwamba kuna milinganyo mikubwa inayohitaji aljebra, na kwamba aljebra haihitaji kujua kitu chochote cha kemia. Ni kweli kwamba aljebra inaweza. Unaweka herufi mbele ya kila fomula, unaandika sharti moja kwa kila elementi, unatatua. Lakini mfano mmoja unaonyesha mahali inapokwama. Potasiamu pamanganeti, zile fuwele za zambarau, ikichanganywa na peroksidi ya haidrojeni ndani ya asidi salfuriki hutoa oksijeni na kupoteza rangi. Mlinganyo wa kweli ni huu: 2KMnO₄ + 3H₂SO₄ + 5H₂O₂ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 8H₂O + 5O₂. Hesabu atomi, zinalingana. Sasa hesabu za huu: 2KMnO₄ + 3H₂SO₄ + H₂O₂ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 4H₂O + 3O₂. Nazo zinalingana, kila moja. Ukiendelea kutafuta utapata mingine isiyo na mwisho, na aljebra haitakuambia upi ni sahihi, kwa kuwa mbele yake yote ni sawa.

Kinachoamua ni swali letu lilelile la kinachohama. Kila atomi ya manganizi katika pamanganeti inapokea elektroni tano. Kila molekuli ya peroksidi inatoa elektroni mbili. Ili zinazotolewa zilingane na zinazopokelewa, peroksidi tano lazima zikutane na pamanganeti mbili, elektroni kumi kwa kumi. Katika mlinganyo wa pili peroksidi moja inatoa elektroni mbili tu, na nyingine nane hazina pa kutoka isipokuwa tuseme kwamba oksijeni nyingine imetolewa na vitu vingine mle ndani, jambo ambalo halitokei katika chupa hiyo. Waliofuatilia mmenyuko huu kwa kutumia oksijeni nzito kama alama waliona kwamba gesi yote inayotoka ni ya peroksidi. Basi hata katika mlinganyo mgumu, hesabu inakuja baada ya kemia. Jambo hili linahusu pia milinganyo midogo ya ioni. Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag ina atomi zinazolingana, lakini chaji kushoto ni moja na kulia ni mbili. Panahitajika ioni mbili za fedha ndipo elektroni mbili za shaba zipate mpokeaji. Anayehesabu atomi bila kuhesabu chaji ameandika nusu ya daftari la duka, mauzo bila madeni.

Pingamizi la mwisho ni la siku hizi, nalo linatoka kwa vijana wenyewe: simu inaweza kusawazisha mlinganyo wowote kwa sekunde moja, kwa nini nijisumbue? Jibu langu ni kwamba simu imekupunguzia sehemu iliyokuwa rahisi. Programu ya kusawazisha haitakuuliza kama shaba nyekundu inakubaliana na asidi uliyoitaja. Ukiipa Cu na HCl, itakurudishia mlinganyo safi wa kitu kisichotokea. Kadiri kuhesabu kunavyozidi kuwa kazi ya mashine, ndivyo kujua mazao kunavyozidi kuwa kazi yako, na ndivyo unavyopaswa kuihamishia huko sehemu kubwa ya mazoezi yako.

Basi mazoezi yawe ya namna gani? Kila mlinganyo unaokutana nao, usimulie kwanza kwa sentensi kamili ya Kiswahili kabla hujaandika alama yoyote. Nasema Kiswahili kwa sababu wanafunzi wengi wa Tanzania hufika kidato cha kwanza wakiwa wamesoma sayansi kwa lugha hiyo, na ghafla hutakiwa kufikiri kwa istilahi za lugha ambayo bado wanaitafuta. Mtihani utaujibu kwa lugha ya mtihani. Kufikiri ufikiri kwa lugha inayokupa picha. Sema: jiwe linapashwa moto, gesi inatoka, linabaki kitu cheupe chepesi. Kisha uliza kama kuna rangi iliyobadilika, joto lililotoka, mapovu au mashapo, kwa kuwa hizo ndizo dalili za kinachohama. Andika fomula ukizijenga kutoka katika valensi au chaji za ioni, si kwa kukumbuka umbo lake ukurasani. Ziandike kwa wino, kama inawezekana, na vizidishi kwa penseli, ili mkono wenyewe ujifunze kipi kinaruhusiwa kubadilika na kipi hakiruhusiwi. Ukishasawazisha, fanya jambo moja ambalo wengi huliacha: jumlisha uzito wa pande zote mbili. Ni njia ya Lavoisier, na inakamata makosa ambayo jicho limeyazoea.

Mwalimu naye anaweza kusaidia kwa kubadilisha maswali. Badala ya kutoa mlinganyo ulio tayari wenye nafasi tupu za namba, ataje vitu viwili tu na hali yake, aulize kama kitu kitatokea, na jibu la "hakuna" likubaliwe na kupewa alama pale linapokuwa sahihi. Hilo halihitaji maabara ya fedha nyingi. Misumari, siki, chokaa, magadi na mizani nzuri ya dukani vinatosha kwa muhula mzima, ilimradi macho yakingwe na chokaa isiyozimwa ishikwe na mtu mzima.

Kwa anayetaka kujipima leo, achukue magadi ghafi ya Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyavuna ilianzishwa mwaka 1911. Fuwele zake ni kabonati ya sodiamu, baikabonati ya sodiamu na maji vilivyoshikana pamoja: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Kiwandani hupashwa moto ili ibaki kabonati peke yake, inayohitajika katika kutengeneza vioo na sabuni. Simulia kwanza: maji ya ndani ya fuwele yanakauka, na baikabonati inaachana kuwa kabonati, maji zaidi na dioksidi ya kaboni. Baikabonati mbili zinahitajika kutoa kabonati moja, kwa hiyo fuwele mbili ndizo za kuanzia, na sodiamu sita zilizomo zinatosha kwa kabonati tatu. Maji ni manne yaliyokuwa ndani na moja lililozaliwa. Andika: 2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + 5H₂O + CO₂. Jumlisha uzito: gramu 452 kushoto, kulia gramu 318, 90 na 44, jumla 452. Tani moja ya magadi ghafi yaliyo safi itatoa kilo 703 hivi za kabonati, na kilo 297 zilizosalia zitatoka kwenye tanuri kama mvuke na gesi.